Maji ya Kibondo na Kasulu yapimwe kabla hayajagombewa

KIKUNDI kimoja cha wakulima wa mboga katika bonde mojawapo la Kasulu kiliwahi kwenda kuomba mkopo wa pampu mbili na mabomba yake. Walikwenda na kila kitu mkononi: muhtasari wa kikao, barua ya ofisa mtendaji wa kijiji, picha za wanachama na makadirio ya mavuno ya nyanya na kabichi.

Ofisa mikopo alisoma karatasi zote, akauliza swali moja ambalo hakuna aliyelitarajia: "Wazee wangu, mwezi Septemba kijito chenu kinabakiwa na maji kiasi gani?"

Mwenyekiti alijibu kuwa maji ni mengi tu. Mweka hazina akasema yanapungua, lakini si sana. Mama mmoja ambaye shamba lake liko upande wa chini wa bonde akasema, "Mwanangu, kwetu huku chini mwaka juzi yalikata kabisa." Kikundi kimoja, kijito kimoja, majibu matatu. Mkopo haukutoka.

Nilikuwa nimewasindikiza, na tulipotoka nje wengi walimlaumu ofisa yule kwamba anawanyanyasa wakulima wadogo. Mimi sikuweza kumlaumu. Hata fedha zingekuwa zangu, nisingezikopesha kwa maji ambayo wenyewe hawajui ni kiasi gani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini jambo moja, na ndilo nataka kulisema katika makala haya. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kibondo na Kasulu wanapaswa kuanza kupima maji yao wenyewe, wingi wake na usafi wake, na kuandika daftarini. Wasingoje mtaalamu aje na gari. Maji yasiyopimwa huchukuliwa na yule atakayefika kwanza na vipimo vyake mkononi.

Maji yetu yanakwenda wapi?

Mtu akifika nyanda za juu za Kigoma wakati wa masika anaweza kushangaa kusikia habari za uhaba wa maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na huwa nyingi. Milima ni ya kijani na kila bonde lina kijito.

Lakini kuanzia Juni hadi Oktoba hali ni nyingine. Miezi hiyo ndiyo mboga hupanda bei kwenye masoko ya Kasulu mjini, Kibondo na Kigoma. Ndiyo miezi ya kuchoma matofali, na ndiyo miezi ambayo mama lishe hununua maji kwa dumu. Kwa maneno mengine, fedha ya maji huonekana wakati maji yenyewe yamepungua.

Vijito hivyo havibaki kwetu. Maji ya Kibondo na Kasulu hukusanywa na mto Malagarasi pamoja na matawi yake kama Muyovozi na Ruchugi. Hupita katika eneo oevu la Malagarasi-Muyovozi, ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, kisha hushuka Uvinza na kuishia Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo tuko juu ya mto, na wako wengi walio chini yetu wanaotegemea maji hayo hayo.

Wagombeaji wanaongezeka

Tuwahesabu wachache tu. Wilayani Uvinza kuna mradi wa umeme wa Malagarasi wa megawati 49.5, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 140 mwaka 2020. Mitambo ya aina hiyo inahitaji mto usiokauka kiangazi. Mji wa Kasulu nao uliingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 unaotokana na mkopo wa India wa dola milioni 500, ambao mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022. Mji unakua, na mji hunywa maji mwaka mzima.

Hali kadhalika, kahawa ya Kasulu na ya jirani zetu wa Buhigwe inahitaji maji mengi kwa kumenya na kuosha ikiwa mkulima anataka bei nzuri. Pampu ndogo za petroli, ambazo zamani zilikuwa za mtu mmoja mmoja, sasa ziko nyingi mabondeni. Tusisahau pia kambi za wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 baada ya vurugu za Burundi.

Simlaumu yeyote kati ya hao. Kila mmoja ana haki ya maji. Ninachosema ni kwamba miradi mikubwa yote huja na wahandisi na takwimu. Mkulima wa bondeni huja na maneno ya "tangu babu yangu".

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma. Anayetaka kuyachepusha au kuyavuta kwa shughuli za uchumi anahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde. Kwetu hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma. Matumizi ya nyumbani hayahitaji kibali. Lakini bustani ya kuuza mboga ni biashara, na kikundi kinachoomba kibali bila kumbukumbu ya miaka michache ya kijito chake kinakwenda kubahatisha.

Yaliyowakuta wenzetu wa Usangu

Anayedhani natisha watu akumbuke Usangu, mkoani Mbeya. Mashamba ya mpunga yaliongezeka, mifereji ikaongezeka, mifugo nayo ikaongezeka. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao haukuwa na kawaida hiyo, ukaanza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa.

Ndipo ulipoanza ubishi. Wengine walisema wakulima wa mpunga ndio waliomaliza maji. Wengine wakasema ni wafugaji wa Ihefu. Wengine wakasema ni ukame. Mwaka 2006, nchi ilipokuwa katika mgawo mkali wa umeme, amri ya kuwaondoa wafugaji ilitolewa, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kwenda mikoa mingine.

Sitaki kuamua hapa nani alikosea. Jambo la kujifunza ni kwamba mfugaji hakuwa na daftari la kuonyesha ng'ombe wake wanakunywa kiasi gani, na mkulima mdogo hakuwa na kipimo cha mfereji wake. Panapokosekana takwimu, lawama huangukia aliye mnyonge. Siku mitambo ya Malagarasi itakapokosa maji katika mwaka mbaya, watu watatazama juu ya mto. Juu ya mto ni Kibondo na Kasulu.

Kupima si kazi ya wahandisi peke yao

Wapo watakaosema kupima maji ni kazi ya kitaalamu. Ni kweli kwa mto mkubwa. Kwa chemchemi na kijito cha kijiji, ndoo na saa ya mkononi vinatosha.

Tuanze na chemchemi. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye bomba lake na uhesabu sekunde. Tuseme mwezi Mei imejaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo chemchemi hiyo inatosha watu 1,728.

Rudia mwezi Septemba. Tuseme ndoo ile ile sasa inajaa kwa sekunde 100. Chemchemi inatoa lita 17,280 kwa siku, zinazotosha watu 691. Kamati ya maji iliyopanga vituo vya kuchotea kwa kipimo cha Mei itakuwa imewadanganya watu zaidi ya elfu moja bila kukusudia.

Je, maji hayo yanaweza kumwagilia? Mboga kwenye jua la kiangazi hutumia takriban milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo eka moja inahitaji kama lita 20,000 kwa siku. Maji yote ya chemchemi ya Septemba hayatoshi hata eka moja, na hapo hakuna aliyekunywa. Hesabu hii ya dakika tano ingewaokoa wengi walionunua mabomba ya bure.

Kwa kijito, chagua sehemu iliyonyooka na pima mita 10 kando yake. Dondosha chungwa katikati ya maji na uhesabu sekunde mpaka lifike mwisho. Chungwa ni bora kuliko gunzi la mahindi, kwa sababu huzama nusu na halisukumwi na upepo. Kisha pima upana na kina cha wastani.

Tuchukue mfano wa kijito chenye upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 20, na chungwa limetumia sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha upana, kina na mwendo, halafu zidisha kwa 0.8 kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Unapata kama lita 96 kwa sekunde.

Zinaonekana nyingi. Sasa pampu ya inchi 2 inayotoa lita 480 kwa dakika inavuta lita 8 kwa sekunde. Pampu 12 zikiwashwa asubuhi moja zinakimaliza kijito hicho. Kikipungua na kubaki robo mwezi Septemba, pampu tatu zinatosha kukimaliza. Ndiyo maana yule mama wa shamba la chini alisema kwao maji yalikata, wakati mwenyekiti wa juu aliapa kuwa maji ni mengi. Wote wawili walisema kweli kwa mahali waliposimama. Kama wangekuwa na kipimo wangepanga zamu: wa juu wavute asubuhi, wa chini jioni.

Mvua nayo ipimwe. Kipima mvua cha plastiki si ghali, na shule yoyote ya msingi inaweza kukitunza. Walimu wa sayansi wapo na watoto wanapenda kazi kama hiyo.

Usafi wa maji ni fedha pia

Kupima wingi bila usafi ni kufanya kazi nusu. Kibondo na Kasulu tunaloweka mihogo mabondeni. Tunaosha bomba za kunyunyizia dawa za tumbaku na nyanya kwenye vijito. Maji ya maganda ya kahawa yakiachiwa mtoni huchacha na kuua viumbe wa majini. Tunalima hadi ukingoni ingawa Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Matokeo yake ni tope jekundu kila mvua inaponyesha.

Tope hilo lina bei. Dawa ya klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope, kwa hiyo anayetia dawa bila kuchuja anapoteza fedha na bado anaugua. Mkulima anayelala na kuhara wiki ya kupalilia hupoteza mavuno ambayo hakuna takwimu za hospitali zitakazoyaonyesha. Na mkoa huu hauhitaji kukumbushwa mambo ya Kagunga. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji hicho cha ziwani, kipindupindu kikalipuka, na wagonjwa wakahesabiwa kwa maelfu.

Ipo maabara ya ubora wa maji Kigoma. Tatizo ni umbali. Sampuli ya kupima vijidudu inatakiwa itunzwe kwenye baridi na ifike maabara ndani ya saa 24 au mapema zaidi, na kutoka Kibondo hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo kijiji kinahitaji kipimo cha kwanza cha hapo hapo. Vipo vichupa vyenye kemikali ambavyo maji yakitiwa na kuachwa siku moja au mbili hugeuka meusi kama yana vijidudu vya kinyesi. Havichukui nafasi ya maabara, ila vinasaidia kujua chemchemi ipi ipelekewe mtaalamu kwanza.

Kambini wanapima, kijijini je?

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Kwa miaka mingi, ndani ya kambi za wakimbizi za mkoa wetu, mashirika yamekuwa yakipima maji kila siku: lita ngapi kwa mtu, klorini kiasi gani bombani. Lengo la kawaida katika kambi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na ripoti huandikwa zikasomwa hadi Geneva.

Ukivuka mpaka wa kambi na kuingia kijiji cha jirani, hakuna anayejua chemchemi inatoa nini. Sisemi wakimbizi wapunguziwe. Nasema ujuzi ule ule, unaofanywa na vijana wetu wenyewe walioajiriwa humo, ungeweza kuvuka barabara.

Aidha, kambi hufungwa. Mtabila ya Kasulu ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli ya Kakonko mwaka 2021. Kila kambi inapofungwa, halmashauri zisipokee majengo na matangi tu. Zidai pia madaftari: kina cha kila kisima, maji yalipungua mwezi gani, vipimo vya ubora vilisema nini. Kumbukumbu ya miaka mingi ya maji ya Kibondo na Kasulu haina bei, na ikitupwa hairudi.

Nani alipie?

Najua hofu ya wakulima. Wakimwona mtu wa bonde na kipimo, wanahisi ada inakuja. Hofu hiyo ina msingi, maana kibali kina gharama na mkulima ameshazoea kulipia vitu asivyoviona. Lakini ada itakuja hata bila daftari, na ikija bila daftari utalipia maji ambayo huyapati.

Mapendekezo yangu ni manne. Kwanza, kila jumuiya ya watumia maji itenge sehemu ndogo ya makusanyo yake kumlipa kijana mmoja posho ya kupima tarehe 1 na tarehe 15 ya kila mwezi, na kila wiki kuanzia Agosti hadi Oktoba. Ni kazi ya saa moja au mbili.

Pili, matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na yasomwe kwenye mkutano mkuu. Takwimu zikifungiwa kabatini hugeuka siri ya wachache, na hapo hofu ya wakulima itakuwa halali.

Tatu, nakala iende ofisi ya RUWASA ya wilaya na nyingine Bodi ya Bonde. Bodi ina vituo kwenye mito mikubwa, lakini haiwezi kuweka mtu kwenye kila kijito. Nayo iwaheshimu wapimaji wa vijijini: iwafundishe, ihakiki vipimo vyao mara moja kwa mwaka, na izitumie namba zao inapogawa vibali.

Nne, vyama vya ushirika vya kahawa na tumbaku vidai kipimo cha maji juu na chini ya mitambo na mashamba ya wanachama wao. Ni afadhali chama kijikague chenyewe kuliko kusubiri siku mnunuzi wa nje aulize.

Kile kikundi cha mboga hakikufa. Mara ya mwisho nilipopita, mweka hazina alinionyesha daftari la shule lenye mistari ya rula, tarehe upande wa kushoto na sekunde za chungwa upande wa kulia. Kurasa zilikuwa chache bado na namba nyingine zilikuwa zimefutwafutwa. Mama wa shamba la chini ndiye alikuwa anashika saa, kwa sababu walikubaliana kuwa yeye hawezi kuongeza maji yasiyokuwepo.

Wanasema watarudi kwa ofisa mikopo wakimaliza viangazi viwili. Safari hii swali lake la Septemba litajibiwa na daftari.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.